Waazteki na Wamaya katika darasa la Kihispania: dakika tano bila kukwama

Kueleza Waazteki na Wamaya mbele ya darasa, kwa Kihispania na kwa dakika tano, ni kazi inayotolewa sana kwa wanaoanza lugha hiyo, na huharibika kwa namna mbili. Mwanafunzi huwachanganya watu wawili tofauti, au husimama mbele ya wenzake akisoma sentensi za kitafsiri cha kompyuta ambazo hata yeye hazielewi.

Hatua ya 1: Watenganishe kabla ya kufungua kompyuta

Chora mstari wa wakati kwenye karatasi. Miji mikubwa ya Wamaya kama Tikal, Palenque na Copán ilistawi kati ya mwaka 250 na 900, kila mmoja na mfalme wake. Ilikuwa kusini-mashariki mwa Meksiko, Guatemala na magharibi mwa Honduras. Waazteki, ambao wenyewe walijiita Mexica, waliishi katikati ya Meksiko. Kwa mapokeo yao walianzisha Tenochtitlan mwaka 1325, juu ya kisiwa katika ziwa Texcoco, na mji huo ukaanguka tarehe 13 Agosti 1521. Yaani Tikal ilikuwa imeshahamwa na kumezwa na msitu Tenochtitlan ikiwa bado haijawekwa hata jiwe la kwanza.

Mtego mkubwa ni picha ya Piedra del Sol, lile jiwe la duara lenye uso uliotoa ulimi katikati. Utaliona limeandikwa "kalenda ya Wamaya" kila mahali. Ni la Waazteki. Lilifukuliwa katika uwanja mkuu wa Mexico City mwaka 1790, na lina uzito wa tani 24 hivi. Tovuti inayokosea hapo ifunge, usichukue kingine chochote humo.

Hatua ya 2: Chagua kitu kimoja kwa kila upande

Usijaribu dini, chakula, vita na kalenda kwa dakika tano. Kwa Waazteki, chukua jiwe la mungu wa kike Coyolxauhqui, lililokutwa Mexico City mwaka 1978 na wafanyakazi wa umeme waliokuwa wakichimba barabarani. Kwa Wamaya, chukua kinyago cha jade cha mfalme Pakal wa Palenque. Kaburi lake lilikuwa ndani ya piramidi, mwisho wa ngazi iliyojazwa mawe na kifusi, na Alberto Ruz Lhuillier alilifikia mwaka 1952. Kinyago chenyewe kiliibwa makumbusho mwaka 1985 kikapatikana 1989, jambo ambalo darasa halitalisahau.

Hatua ya 3: Tafuta kwa Kihispania

Andika jina la kitu, kisha ongeza *para niños*. Utapata maandishi ya watoto wa shule za Meksiko, na hicho ndicho kiwango chako. Picha zichukue kwenye Mediateca ya INAH, taasisi ya serikali ya mambo ya kale, kwa sababu maelezo yake yameandikwa na wanaovijua vitu hivyo.

Hatua ya 4: Wakati uliopita (hapa ndipo saa zinapopotelea)

Kiswahili kinatupa -li- moja ya kubebea karibu kila kitu. Kihispania kina mbili. Tendo lililofanyika likaisha huchukua *pretérito*: *fundaron*, *construyeron*, *encontraron*. Mazoea na hali ya mambo huchukua *imperfecto*: *vivían*, *comían*, *era*. Ukimpa kitafsiri "Waazteki walikula mahindi", anaweza kukurudishia *comieron*, kana kwamba walikula siku moja wakashiba. Sahihi ni *Los aztecas comían maíz*.

Kipimo ni hiki: geuza -li- iwe "walikuwa waki-". "Walikuwa wakila mahindi" inakubali, basi *comían*. "Walikuwa wakianzisha mji mwaka 1325" inakwaruza sikio, basi *fundaron*. Jiwe la Coyolxauhqui linakupa zote mbili kwa pamoja: *Los trabajadores cavaban en la calle cuando encontraron una piedra.* Walikuwa wakichimba, ndipo wakakuta. Anza na sentensi hiyo.

Kipimo hicho hudanganya mahali patatu.

Kwanza, muda mrefu uliofungwa. Pakal alitawala kuanzia 615 hadi 683, na sikio la Kiswahili linataka "alikuwa akitawala". Lakini ukishataja idadi ya miaka, umefunga mlango: *Pakal gobernó 68 años*, si *gobernaba*.

Pili, *había*. "Kulikuwa na mahekalu mengi" ni *había muchos templos*. Haiwi *habían* hata mahekalu yakiwa mia.

Tatu, usiwazike watu walio hai. *Los mayas desaparecieron* (Wamaya walitoweka) ni kosa la historia kabla ya kuwa kosa la sarufi. Miji ya kusini ilihamwa, watu hawakuisha. Mamilioni bado wanazungumza lugha za Kimaya, k'iche' ikiwa mojawapo. Sentensi ya mwisho iwe ya wakati uliopo: *Hoy los mayas viven en Guatemala y México.*

Na usiandike *calendario mayo*. *Mayo* ni mwezi wa Mei. *Maya* na *azteca* hazibadiliki kwa jinsia, na huanza kwa herufi ndogo.

Hatua ya 5: Sema kwa sauti

Mkazo wa Kinahuatl, lugha ya Waazteki, hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, sawasawa na Kiswahili, kwa hiyo Coyolxauhqui isikutishe: koyol-SHAU-ki. *X* ya Kinahuatl ni "sh", ya Uxmal, mji wa Wamaya, pia. Ya *México* ni kama "kh" ya "Khamisi", na ya Xochimilco ni "s". Hakuna kanuni fupi, yaandike pembeni.

Miaka isome kama namba nzima: 1521 ni *mil quinientos veintiuno*. "Elfu moja" inatuponza hapa, kwani *un mil* haisemwi.

Hatua ya 6: Slaidi

Sita zinatosha, kila moja na picha moja kubwa na maneno yasiyozidi matano. Sentensi ziwe kwenye kadi za karatasi mkononi. Anayeweka aya kwenye ukuta ataisoma akiwa amewapa watu mgongo.

Hatua ya 7: Maswali

Kuna mtu atauliza kuhusu mwisho wa dunia wa 2012, uliodaiwa kutabiriwa na kalenda ya Wamaya. Weka jibu nyuma ya kadi: *No era el fin del mundo. Terminó un ciclo del calendario y empezó otro.* Tarehe 21 Desemba mwaka huo hesabu ndefu ya Wamaya, kalenda yao ya kuhesabu siku, ilifika baktuni 13, na kila baktuni ni siku 144,000. Kwa swali lolote jingine: *No lo sé, pero voy a buscarlo* (sijui, lakini nitatafuta).