Jaribu jenereta ya kituo cha maji kwa pampu zake, isingurume bure

Kuwasha jenereta ya akiba kila wiki bila mzigo na kuizima baada ya dakika kumi si kuijaribu, ni kuichafua. Injini ya dizeli isiyopata joto la kutosha huacha mafuta yasiyoungua, yakaganda kwenye eksozi kama lami. Afadhali mara moja kwa mwezi, ikibeba pampu.

1. Patana na zamu ya mtambo wa kusafisha maji. Matanki ya kuhifadhia yajae kwanza.

2. Kagua oili, maji ya rejeta na mkanda wa feni, kisha kaa na betri. Jenereta nyingi zinazogoma hugomea hapo. Volti unazosoma chaja ikiwa imewashwa zinadanganya. Soma wakati stata inazungusha injini. Kwenye mfumo wa volti 24, zikianguka chini ya takribani 19, badilisha betri.

3. Fungua koki ya chini ya tanki la dizeli, kinga kwenye chupa ya kioo. Maji hutuama chini ya dizeli, vijidudu huota yanapokutana, na ute wao huziba filta. Toa hadi ije dizeli tupu, kisha pima iliyobaki tankini. Uchafu huo uingie kwenye pipa, kamwe usifike mtaroni: hapa ni kwenye maji ya watu.

4. Simamisha pampu moja moja huku ukifunga valvu polepole, zisije zikasimama ghafla mkapasua bomba. Kisha kata umeme wa gridi unaoingia. Ukiwasha kwa kitufe cha jenereta, swichi ya kubadili umeme hujaijaribu.

5. Ongeza mzigo kwa zamu, pampu kubwa kwanza. Mota inayowashwa moja kwa moja huvuta mkondo mara 6 hadi 8 ya kawaida. Mbili zikianza pamoja, volti huanguka na kontakta (swichi ya sumaku inayoshikilia umeme wa mota) huachia. Pampu ya klorini iwemo, la sivyo mtasukuma maji yasiyotiwa dawa. Kiwango cha NFPA 110 cha Marekani, cha mitambo ya umeme wa dharura, kinataka angalau asilimia 30 ya uwezo wa jenereta kwa dakika 30. Kwangu hiyo ni ndogo. Nafika asilimia 60 pampu zikiruhusu.

6. Rudisha gridi, injini izunguke bila mzigo dakika 5 ipoe.

7. Pima tanki la dizeli tena, andika lita kwa saa. Jenereta ya kilowati 200 kwenye mzigo kamili hula lita 50 na kitu kwa saa, hivyo tanki la lita 500 halikeshi usiku mrefu.

8. Hakikisha swichi ya paneli imerudi kwenye kujiwasha yenyewe. Mwachie mwenzako aitazame pia.