Kufunga marobota ya nyasi: mkono kwanza, mashine baadaye

Siku ya kwanza ya mafunzo yangu nilidhani kazi ni kuendesha trekta. Mzee aliyenifundisha alichomoa ufunguo, akautia mfukoni, akanituma shambani nikashike nyasi. Leo nikiletewa mwanagenzi, namfanyia vivyo hivyo.

Chukua konzi ya nyasi zilizoanikwa, uisokote kwa mikono miwili kama unayekamua nguo. Ikijikunja bila kukatika, bado. Kwangua bua kwa ukucha; ganda likibanduka, ndani mna maji. Asiyeuamini mkono wake atie vipande vya nyasi kwenye chupa kavu, aongeze kijiko cha chumvi, atikise dakika mbili tatu. Chumvi ikigandamana, subiri. Ikibaki kavu, unyevu uko chini ya asilimia 15 hivi, funga. Robota dogo la mstatili huvumilia hadi 18. Juu ya 20 usithubutu.

Nalishikilia sana hili kwa sababu msimu wangu wa pili niliona mawingu nikaharakisha. Siku ya tano nilipenyeza mkono kati ya marobota nikakuta joto. Tulikesha tukiyafungua na kuyatandaza. Nyasi zenye maji zikibanwa huendelea kupumua, kuvu na bakteria nao huongeza joto, na lundo linaweza kuwaka lenyewe. Yangu yalikuwa ya uvuguvugu tu. Likifika nyuzi 70 za selisiasi, usilivunje mwenyewe, kwa maana hewa ikiingia ndani moto hulipuka, ita zimamoto.

Kata nyasi zinapoanza kutoa maua, ukiacha visiki vya sentimita 8 hadi 10 ili zilizolala juu yake zipitiwe na upepo chini. Geuza umande ukishakauka. Lusini, mmea wa malisho wa jamii ya kunde, ni tofauti: igeuze asubuhi ingali na umande kidogo, maana majani yake yakikauka sana hupukutika, na lishe nyingi imo humo.

Robota la kwanza mwanagenzi wangu hulifunga kwa sanduku la mbao lisilo na kitako wala mfuniko, urefu sentimita 85, upana 55, kimo 45. Anatandika kamba, anajaza, anakanyaga, anafunga. Hutoka kama kilo 20. Akishatoka jasho hapo, anaelewa mashine inafanya nini ndani ya tumbo lake.

Ndipo ufunguo unatoka mfukoni. Siku nzima ni trekta tupu kwenye uwanja tambarare: klachi, breki, kurudi nyuma. Mkanda ufungwe kama trekta ina fremu ya kukinga dereva. Mteremkoni shuka na gia ndogo, kamwe usiweke gia huru. Abiria hapana, hata mtoto wako anayelia kutaka kupanda.

Shafti inayotoa nguvu kwenye trekta kwenda kwenye mashine huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kwa sekunde. Ikinasa ncha ya shati, hupati muda hata wa kupiga kelele. Kava lake liwepo, nguo zibane mwilini. Nyasi zikikwama, na zitakwama, fuata mpangilio huu kila mara: tenga shafti, zima injini, chomoa ufunguo, subiri gurudumu zito la mashine lisimame kabisa. Gurudumu hilo huendelea kuzunguka injini ikiwa imeshazimwa, na hapo ndipo wengi wamepoteza vidole.

Ukianza kufunga, acha injini kwenye mzunguko wake na upunguze mwendo kwa gia. Sikiliza mapigo ya kishindilio, kile chuma kinachosukuma na kubana nyasi ndani ya mashine. Mimi huyahesabu: kati ya 12 na 18 kwa robota moja, mwendo ni mzuri. Yakiwa machache, unakimbia. Robota la kwanza linyanyue kwa kamba. Likilegea, kaza skrubu za kubana pande zote mbili sawasawa. Jaribu tena adhuhuri, kwani nyasi zikizidi kukauka huteleza na marobota hulegea.

Panga juu ya mbao, mbali na ukuta. Kwa wiki mbili tatu chomeka nondo katikati ya lundo kila jioni, uiache robo saa, uichomoe na kuishika. Ikikuunguza, usirudi kulala.