Kabati la Ukurasa wa 57: kuchomoa filamu fupi kwenye skripti iliyolala

Skripti yangu ndefu ina kurasa 94 na imelala kwenye droo miaka sita. Ni ndugu wanaogombea urithi: harusi mbili, msiba mmoja, mahakama imejaa watu. Hakuna aliyekubali kuigharimia, na nikipiga hesabu leo siwalaumu. Ila mwaka jana nilichomoa humo filamu ya dakika 9. Kama nawe una skripti ya namna hiyo, fanya hivi.

Isome upya, kalamu mkononi, ukitafuta onyesho lenye watu wawili au watatu, mahali pamoja, na jambo linalogeuka kabla halijaisha. Kisha msimulie mtu asiyeijua hadithi. Ukijikuta unasema "sasa, kabla ya hapo ilikuwa hivi", achana nalo. Mimi nililipenda lile la harusi, likaanguka mtihani huo: kila mgeni alihitaji utambulisho. Lililofaulu, la ukurasa wa 57, nilikuwa nimeshalipigia mstari wa kulifuta. Kaka na dada wanahamisha kabati la marehemu mama yao, halipiti mlangoni. Kaka anataka livunjwe, dada anataka ukuta ubomolewe. Ugomvi wote wa urithi umo, na wakili hahitajiki.

Usiligeuze kuwa tangazo la ile ndefu. Sote tumesimuliwa habari za Damien Chazelle, mwongozaji wa Marekani: alitoa onyesho moja kwenye skripti ya filamu yake ndefu, Whiplash, akalifanya filamu ya dakika 18 iliyoshinda tuzo kwenye tamasha la filamu la Sundance, Marekani, mwaka 2013, na mwaka uliofuata ile ndefu ikatoka. Habari hiyo imetuponza wengi, tukatengeneza vipande vinavyoishia hewani vikimsubiri mfadhili. Mimi humfikiria zaidi mwongozaji Djibril Diop Mambéty wa Senegali. Alipanga filamu tatu za maisha ya watu wa chini, za kama dakika 45 kila moja, akafariki mwaka 1998 bila kuifikia ya tatu. Mbili alizoacha hazichechemei.

Sasa liandike upya bila kuangalia la zamani. Ukurasa mmoja ni takriban dakika moja. Oscar huiita fupi filamu isiyozidi dakika 40 pamoja na majina ya mwisho, lakini tamasha la Cannes, Ufaransa, hawataki izidi 15. Matamasha huonyesha filamu fupi kwa mafungu. Ya dakika 25 inakula nafasi ya mbili au tatu, kwa hiyo iwe nzuri kweli.

Kama mliandika wawili, pata saini ya mwenzako kabla kamera haijawashwa. Hapo sina zaidi la kusema.

Siku ya kurekodi, pesa kidogo uliyonayo iende kwenye sauti. Picha ya giza mtazamaji huisamehe. Maneno yasiyosikika, hapana. Zima friji, na funguo zako uziweke ndani yake, usije ukaondoka bila kuiwasha. Kabla hamjafungasha vifaa, wote wanyamaze, urekodi ukimya wa chumba kwa dakika nzima. Mhariri atautumia kuziba mianya kati ya maneno. Mimi nilisahau, ikabidi nirudi kwenye nyumba ile kesho yake, peke yangu na maikrofoni, kuomba wenyeji wakae kimya.

Mkato wangu wa kwanza ulikuwa dakika 14. Tano za mwanzo zilionyesha ndugu wakiwasili, wakisalimiana, wakipanga nani ashike wapi. Nilizitoa zote. Filamu inaanza kabati likiwa limeshakwama.