Kumsikia mwanafunzi mkimya: jinsi ya kutumia dodoso la SDQ shuleni

Mwanafunzi anayetoroka vipindi na kupigana bwenini, kila mwalimu anamjua kwa jina. Yule wa dirishani, anayewahi darasani, anayeandika notisi zote na kujibu "nipo sawa, mwalimu" kila akiulizwa, anaweza kufika Kidato cha Nne bila mtu kujua kwamba halali usiku. Kwa ajili yake ndiyo nimeshikilia madodoso ya kujijazia. Jambo ambalo mtoto hawezi kulitamka, mara nyingi anaweza kuliwekea vema.

Ninalotumia mimi ni SDQ (Strengths and Difficulties Questionnaire), dodoso la uwezo na matatizo ya mtoto, lililotungwa na Robert Goodman, daktari wa afya ya akili ya watoto wa Uingereza, na kuchapishwa mwaka 1997. Lina kauli fupi 25. Toleo la kujijazia linawafaa wa miaka 11 hadi 17, la Kiswahili lipo, na kwa kazi isiyo ya biashara karatasi zake ni bure. Usiguse maneno yake hata kama unaona kauli fulani ungeiandika vizuri zaidi. Ukiyabadilisha, alama zake huwezi kuzilinganisha na chochote.

Hatua ya 1: Jua utampeleka wapi

Kabla ya kutoa nakala hata moja, nenda hospitali ya wilaya uonane ana kwa ana na muuguzi au mganga wa afya ya akili. Chukua namba yake. Muulize anapokea wagonjwa siku zipi. Mfahamu afisa ustawi wa jamii, na ujue Dawati la Jinsia na Watoto la polisi wa eneo lako liko wapi, kwa sababu nyuma ya alama kubwa pengine kuna mtoto anayepigwa au kuingiliwa. Namba 116 ya msaada kwa watoto inapigwa bure Tanzania na Kenya pia, ibandike ukutani.

Ukikosa wa kumpokea mtoto, usimpe dodoso. Kumfungua mtu halafu ukamwacha hivyo hivyo ni kumuumiza mara ya pili.

Hatua ya 2: Siku na chumba

Peleka barua kwa wazazi wiki mbili kabla, kwa lugha nyepesi, kisha waulize wanafunzi wenyewe kama wanakubali. Chagua Jumatatu au Jumanne asubuhi. Ijumaa hapana: mtoto akikuandikia jambo zito, utalisoma wakati ameshapanda basi kwenda nyumbani. Epuka pia wiki ya mitihani na siku za kurudishwa wanafunzi wenye michango isiyolipwa, maana utapima hofu ya wiki hiyo tu.

Wakae mbalimbali kama wa mtihani, ila waambie wazi kwamba huu si mtihani. Maneno yangu ni haya: "Hakuna jibu sahihi wala kosa. Mwalimu wako wa darasa hataiona karatasi hii. Nitakayoyasoma yatabaki kwangu, isipokuwa nikiona maisha yako yako hatarini au kuna mtu anakuumiza. Hapo itanibidi nitafute msaada, na nitakuambia wewe kwanza." Usiahidi siri isiyo na mpaka. Hutaweza kuitunza.

Dodoso linauliza kuhusu miezi sita iliyopita, na miezi sita ni muda mrefu kwa mtoto wa miaka 13. Mpe kitu cha kushikilia: kama ni Julai, ninasema "tangu shule ilipofunguliwa Januari". Kisha ninasoma kila kauli kwa sauti, taratibu, ili asiyesoma vizuri asionekane na wenzake.

Hatua ya 3: Kusahihisha

Hapa ndipo makosa mengi hutokea, kwa hiyo twende polepole. Majibu ni matatu: "si kweli" ni 0, "kweli kiasi" ni 1, "kweli kabisa" ni 2. Kauli zimegawanyika makundi matano, kila kundi kauli tano:

- hisia: 3, 8, 13, 16, 24
- mwenendo: 5, 7, 12, 18, 22
- kutotulia na kukosa umakini: 2, 10, 15, 21, 25
- mahusiano na wenzake: 6, 11, 14, 19, 23
- wema kwa wengine: 1, 4, 9, 17, 20

Kauli tano zinageuzwa: 7, 11, 14, 21 na 25. Hizo zinazungumzia jambo zuri, kama kuwa na rafiki au kumaliza kazi, hivyo "kweli kabisa" inakuwa 0 na "si kweli" inakuwa 2. Jumla ya matatizo ni ya makundi manne ya kwanza tu, kati ya 0 na 40. Wema unasomwa peke yake, na huko alama ndogo ndiyo ya kuangalia.

Chukua karatasi moja. Nimechanganya mambo ya wanafunzi kadhaa ili asitambulike mtu. Msichana, miaka 15, bweni. Hisia 8: kichwa na tumbo kuuma, "kweli kabisa", wasiwasi, "kweli kabisa". Mwenendo 1. Kutotulia 2. Mahusiano 6. Jumla 17.

Kwa vipimo vya toleo la kujijazia, jumla ya 0–15 ni ya kawaida, 16–19 ni mpakani, 20 na zaidi iko juu. Anayeangalia jumla peke yake atamweka mpakani na kufungua karatasi inayofuata. Lakini kwenye hisia, 7 tayari iko juu, na kwenye mahusiano ni 6. Mtoto huyu yuko juu kwenye makundi mawili, ila utulivu wake darasani umeshusha jumla. Msaidizi wangu alipomsahihisha mara ya kwanza bila kugeuza, alipata 19, kwa kuwa kauli nyingine za mambo mazuri zilihesabiwa kama matatizo. Namba haikushtua mtu. Ila kauli ya 11, kuhusu kuwa na rafiki japo mmoja, aliijibu "si kweli", nayo ikahesabiwa 0. Upweke wake ulifutika kwa kosa la hesabu. Tangu siku hiyo kila karatasi inasahihishwa na watu wawili.

Mipaka hiyo iliwekwa kwa takwimu za Uingereza, ikikadiriwa kwamba watoto 80 katika 100 wangeangukia kawaida, 10 mpakani na 10 juu. Kwetu inaweza kunasa zaidi au pungufu. Mimi naitumia kupanga foleni ya mazungumzo: nani nimwone leo, nani wiki hii. Kusema mtoto "ana sonona" ni kazi ya daktari baada ya kumwona.

Hatua ya 4: Swali ambalo halimo

SDQ haliulizi kuhusu kujiua. Unaweza kuongeza PHQ-9, dodoso fupi la dalili za sonona, ambalo swali lake la tisa linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru, au ukauliza kwa mdomo. Kumuuliza hakumwingizii wazo hilo kichwani. Uliza moja kwa moja: "Umewahi kufikiria kwamba afadhali ufe, au kujiumiza?" Akikubali, uliza kama amepanga namna na kama ana kitu mkononi: dawa, sumu ya panya, dawa ya kuua wadudu. Usimwache peke yake hata dakika moja, ondoa hicho kitu, mwite mlezi (isipokuwa kama nyumbani ndiko kuliko na hatari), na mfike hospitali siku hiyo hiyo. Kwa sababu hii karatasi zote husomwa kabla ya jua kuzama.

Hatua ya 5: Kumwita

Mwaka wangu wa kwanza nilisoma majina mstarini. Kufikia mchana walikuwa wameshapewa jina la "vichaa", na wawili hawakukubali tena kuongea nami. Sasa ninawaita mmoja mmoja, nikichanganya na wenye alama za kawaida, kwa kisingizio cha kawaida cha shule.

Usianze na alama. Yule msichana nilimwambia tu, "Umeandika kichwa kinakuuma sana. Huanza saa ngapi?"

"Usiku, mwalimu. Taa zikizimwa."

"Ukiwa unawaza nini?"

Alikaa kimya muda mrefu. Nami nikanyamaza, hadi akaanza kueleza kuhusu mama yake.

Baada ya hapo ndipo ukurasa wa pili wa dodoso unakuwa na kazi, ule unaouliza matatizo yameanza lini na yanavuruga kiasi gani nyumbani, urafiki, masomo na mapumziko. Mwenye hisia 7 anayeendelea na maisha yake, na mwenye hisia 7 aliyeacha kula, hawasubiri foleni moja.

Hatua ya 6: Kurudia

Karatasi zikae kabatini kwa kufuli, zikiwa na namba badala ya majina; orodha ya majina ihifadhiwe mahali pengine. Kwa aliyepata msaada kuna toleo la ufuatiliaji, linalouliza kuhusu mwezi mmoja uliopita. Weka karatasi mbili ubavu kwa ubavu, usome kauli kwa kauli. Jumla inaweza kushuka kutoka 17 hadi 13 huku kauli ya 11 bado ni "si kweli", na hapo unajua kazi iliyobaki ni ya kumtafutia mwenzake wa kula naye mezani.