Daftari la kielektroniki la maabara: kurekodi jaribio hadi mtu mwingine aweze kulirudia

"PCR. Taq ya kawaida, mzunguko uleule. Bendi imetoka." Ingizo kama hili la PCR, yaani jaribio la kunakili kipande cha DNA mara nyingi, lina tarehe, lina jina la mwandishi, limehifadhiwa kwenye seva, na bado halimsaidii mtu. Taq, kimeng'enya kinachonakili DNA, ni ya bechi gani? Mzunguko uleule wa lini? Bendi, yaani mstari wa DNA unaoonekana kwenye jeli, ilitoka kwenye sampuli zipi, na kile kishimo cha jeli cha mrija usiotiwa DNA kilikuwa safi au nacho kilitoa bendi? Programu ya kurekodia, iwe eLabFTW, RSpace, SciNote, openBIS au Benchling, haitakuuliza maswali hayo usipoipanga ikuulize. Ndiyo maana kazi kubwa iko kwenye mpangilio wa mwanzo, kisha kwenye tabia ya kuandika ukiwa bado mezani.

Anza na vitu, majaribio yafuate

Programu nyingi za aina hii hutenganisha majaribio na vitu vinavyotumika kwenye majaribio. Wengi hurukia majaribio moja kwa moja na kuacha sehemu ya vitu tupu. Fanya kinyume. Kila kitendanishi, kila jozi ya praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha kunakili), kila plasmidi (DNA ya duara), kila ukoo wa seli na kila mashine iwe na ukurasa wake. Ukurasa wa kitendanishi uwe na jina, mtengenezaji, namba ya katalogi, namba ya bechi, tarehe ya kupokelewa, tarehe ya kufunguliwa, tarehe ya kuisha muda, na mahali kilipo hadi nafasi ndani ya boksi: friza ya −20 °C, droo 2, boksi 4, nafasi C7.

Bechi mpya ikifika, fungua ukurasa mpya. Ukibadilisha namba kwenye ukurasa wa zamani, majaribio yote yaliyounganishwa nao yataonekana yalitumia bechi ambayo siku hiyo hata haikuwa imefika.

Faida yake huonekana siku mambo yanapoharibika. Tuseme kishimo kisichotiwa DNA kimeanza kutoa bendi. Chanzo kinaweza kuwa maji, praima, bafa au pipeti. Kama kila jaribio limeunganishwa na ukurasa wa chupa ya maji iliyotumika, fungua ukurasa huo na uangalie orodha ya majaribio yanayouelekea: utaona ni jaribio lipi la kwanza kuchafuka, na kama waliotumia chupa nyingine wamesalimika. Kama uliandika tu "maji" ndani ya maelezo, hakuna utafutaji utakaokusaidia, kwa sababu neno hilo liko kwenye kila ingizo.

Lebo za mirija zichapishwe zikiwa na msimbo wa QR, au DataMatrix kwa mirija midogo, unaofungua ukurasa wa kitu husika. Tumia printa yenye utepe wa wino. Lebo zinazochapwa kwa joto pekee, kama risiti za dukani, huchujuka zikiguswa na ethanoli. Namba ya utambulisho iandikwe pia kwa herufi zinazosomeka kwa macho, maana mrija uliotoka −80 °C hufunikwa na barafu na kamera ikashindwa kuusoma.

Namba ya sampuli ianze na herufi ambazo programu ya majedwali haiwezi kuzigeuza. Excel ikikuta 2E1 huisoma kama 20, ikikuta 0047 hufuta sifuri za mbele, na SEP1 huifanya tarehe. Tatizo hili lilisumbua sana watu wa jenetiki: jeni SEPT2 na MARCH1 ziligeuzwa tarehe kwenye majedwali mengi hivi kwamba mwaka 2020 kamati ya majina ya jeni za binadamu ilitoa mwongozo uliogusia jambo hilo, na sasa jeni hizo huandikwa SEPTIN2 na MARCHF1. Mtindo kama SMP-0047 hauguswi.

Kiolezo kinachouliza

Kiolezo kizuri hakikuandikii jibu. Kosa la kawaida ni kujaza kila kitu mapema: joto 60 °C, dakika 30, mikrolita 50. Mtu huja, hunakili, huendelea, na rekodi inadai 60 °C hata siku ambayo kipashajoto kilisimama kwenye 54. Weka safu mbili: iliyopangwa, ambayo imejazwa tayari, na iliyofanyika, ambayo iko tupu na lazima ijazwe kwa mkono. Kisanduku kitupu kimaanishe "haijaandikwa". Kama kiasi kilikuwa sifuri, andika 0.

Chukua PCR ya kawaida ya mikrolita 25. Jedwali kwenye kiolezo liwe hivi:

Bafa ya 10× — 2.5 µl
dNTP (viungo vya kujengea DNA), 10 mM kila moja — 0.5 µl
Praima ya mbele, 10 µM — 0.5 µl
Praima ya nyuma, 10 µM — 0.5 µl
Polimeresi ya Taq, 5 U/µl — 0.125 µl
DNA — 1 µl
Maji yasiyo na nyukliesi — 19.875 µl

Pembeni mwa kila mstari kuwe na kiungo cha ukurasa wa chupa iliyotumika, kisha safu ya kilichofanyika. Hakuna anayepima 0.125 µl kwa pipeti na kuiamini, kwa hiyo kiolezo kiwe na sehemu ya mchanganyiko mkuu pia: idadi ya sampuli, pamoja na kidhibiti chanya (sampuli inayojulikana kutoa bendi) na kisichotiwa DNA, ongeza moja ya akiba, kisha zidisha kila kitu isipokuwa DNA. Kwa mirija 10, tengeneza wa 11: Taq inakuwa 1.375 µl, maji 218.625 µl, na kila mrija unapata 24 µl za mchanganyiko. Andika idadi uliyozidishia. Mtu anayekagua kwa nini mirija miwili ya mwisho ilikosa ujazo ataitafuta namba hiyo kwanza.

Chini yake ziwepo sehemu nne: swali la jaribio kwa sentensi moja, mpango, yaliyofanyika, yaliyoonekana. Tafsiri ya matokeo ikae peke yake, tena mwisho. "Bendi ya takribani 500 bp (jozi za besi) kwenye vishimo 2 hadi 6, hakuna kwenye cha 7" ni jambo lililoonekana. "Mabadiliko ya jeni yamefanikiwa" ni maoni, na maoni hubadilika baada ya wiki mbili majibu ya kusoma mpangilio wa DNA yakisharudi.

Kiolezo kikibadilika, kipe namba mpya ya toleo ndani ya jina lake. Majaribio ya zamani yabaki yakionyesha toleo yaliyolitumia.

Kuhusu majina na tagi tutasema kidogo tu. Anza jina la jaribio na tarehe kwa mtindo wa ISO 8601, yaani 2025-03-14, ili orodha ijipange yenyewe. Orodha ya tagi ishikwe na mtu mmoja. Bila hivyo utakuta PCR, pcr, Pcr na PCR-mpya zikiishi pamoja, na kila moja ikificha robo ya majaribio.

Ukiwa mezani

Fungua ingizo kabla hujavaa glavu, unganisha vitu vyote utakavyotumia, kisha hifadhi. Kishikwambi kikae mezani muda wote, ndani ya mfuko wa plastiki unaopanguswa, na kihesabiwe kuwa kifaa kichafu: hakiendi ofisini wala chumba cha chakula. Maabara nyingi hukwama hapa hapa. Kompyuta iko chumba kingine, mtu anaandika kiganjani au kwenye kipande cha karatasi, jioni anajaza kwa kukumbuka, na "dakika 30" inaingia kwa sababu ndivyo itifaki inavyosema.

Andika kila kilichokwenda tofauti na mpango, hata kama unakiona kidogo: mrija ulianguka, mashine ilisimama kwenye mzunguko wa 12, sampuli ya 5 ilikuwa na rangi ya njano. Ukikosea, usifute kimyakimya. Programu nyingi hutunza historia ya mabadiliko, lakini historia huonyesha tu kwamba 2.5 iligeuka 25, haisemi kwa nini. Ongeza mstari: saa, thamani ya awali, thamani sahihi, sababu.

Kuna mitego mitatu ya kiufundi ya kuizoea. Wawili wakihariri ingizo moja kwa wakati mmoja, kwenye baadhi ya programu anayehifadhi mwisho hufuta kazi ya mwenzake. Mmoja aandike, mwingine atoe maoni chini. Akaunti iliyoachwa wazi muda mrefu hujifunga, na maandishi ambayo hayajahifadhiwa hupotea, kwa hiyo hifadhi kila hatua inapoisha. Mtandao ukikatika, tumia karatasi zilizopewa namba mapema, piga picha ukurasa mzima, upakie picha mtandao ukirudi, na uandike tarehe mbili: ya kazi na ya kupakia. Karatasi yenyewe usiitupe. Ndiyo rekodi ya asili.

Linganisha pia saa za mashine na saa ya seva, angalau mara moja kwa mwezi. Kompyuta ya hadubini isiyounganishwa na mtandao huchelewa au huwahi pole pole, na picha inaweza kuonekana ilipigwa kabla seli hazijatiwa dawa.

Faili ghafi

Picha ya jeli ipakiwe kama ilivyotoka kwenye kamera, kwa kawaida TIFF. JPEG hutupa sehemu ya taarifa ili faili liwe dogo, tena hubeba biti 8 tu kwa kila rangi wakati kamera nyingi za jeli hutoa 16. Ukitaka kupima ukali wa bendi baadaye, data haipo tena. Picha ya skrini ni mbaya zaidi. Toleo lililokatwa na kupambwa kwa ajili ya ripoti liwe faili la pili, na jina lake lionyeshe hivyo.

Majedwali yahifadhiwe katika CSV pamoja na faili la asili la mashine. Angalia alama ya desimali: kompyuta zilizowekwa lugha fulani huandika 2,5 badala ya 2.5, na CSV inayotenganishwa kwa koma itavunja namba moja kuwa safu mbili.

Faili kubwa, kama za mpangilio wa DNA au video za hadubini, zisiingie kwenye daftari. Ziache kwenye hifadhi ya maabara, kwenye ingizo weka njia kamili ya kulifikia faili, ukubwa wake, na alama yake ya SHA-256, yaani mfuatano wa herufi na namba unaokokotolewa kutokana na yaliyomo kwenye faili. Folda ikihamishwa, njia itakufa, lakini alama hiyo itakuwezesha kulitambua faili lenyewe popote lilipo, na kujua kama limebadilika hata kwa baiti moja.

Kuhakiki, kufunga, kutia mhuri

Jaribio likiisha, mtu mwingine alisome. Mhakiki hatafuti makosa ya lugha. Ajiulize kama angeweza kuingia maabara kesho asubuhi na kulirudia bila kumpigia simu mwandishi. Likipita, lifungwe lisihaririwe tena.

Mhuri wa muda wa RFC 3161 hufanya kazi hivi: programu hukokotoa alama ya hati, hutuma alama hiyo peke yake kwa mamlaka ya nje, nayo huirudisha ikiwa na saa na saini. Hati haitoki nje. Mhuri unathibitisha kwamba hati ilikuwepo hivyo saa ile. Kama ulichoandika ni kweli, hilo haulijui.

Kwa kazi zinazokwenda kwa mamlaka ya dawa ya Marekani, kanuni ya 21 CFR Part 11 ya mwaka 1997 inataka saini ya kielektroniki ionyeshe jina, tarehe na saa, pamoja na maana yake: ameandika, amehakiki au ameidhinisha. Akaunti ya pamoja inayoitwa "maabara" haiwezi kukidhi hilo. Hata usipobanwa na kanuni hiyo, mpe kila mtu akaunti yake.

Nakala rudufu na watu wanaoondoka

PDF ni ya kusoma, haitoshi kuhama nayo. Toa pia kumbukumbu ya .eln kama programu yako inaiweza: ni faili la ZIP lenye maandishi, viambatisho na metadata (maelezo kuhusu faili hizo) ya mtindo wa RO-Crate, na programu nyingine zinazoutambua mfumo huo zinaweza kulisoma.

Ukiendesha eLabFTW kwenye seva yako, kuna vitu vitatu vya kunakili: hifadhidata ya MySQL, folda ya faili zilizopakiwa, na faili la usanidi lenye ufunguo wa siri. Anayenakili hifadhidata peke yake atarudishiwa maandishi yote bila picha hata moja. Nakala moja ikae nje ya jengo. Kila baada ya miezi mitatu rudisha nakala kwenye kompyuta tupu, fungua jaribio lolote la zamani, na ujaribu kufungua viambatisho vyake.

Mtu akiondoka maabara, akaunti yake isifutwe. Iwekwe kwenye kumbukumbu ili jina lake libaki kwenye maingizo. Kabla hajarudisha funguo, kaeni naye mpitie orodha ya majaribio yake yaliyobaki wazi, kila moja lifungwe au lipewe mwenyewe mpya, kisha mwende friza na kuchagua sampuli zake kumi bila mpangilio, mskani lebo, na muone kama kila moja iko kwenye nafasi inayosemwa na ukurasa wake.