Motohomu kupanda mwinuko wenye utelezi: naandika mara moja, someni

Wakuu wenye motohomu, yaani magari ya kambi yenye kitanda na stoo ndani, mvua zikianza tu swali ni lile lile: "Motohomu yangu imegoma kupanda, ninunue tairi gani?" Nimelijibu hadi vidole vimechoka. Naliweka somo hapa, na atakayeuliza tena nitamtajia namba ya hatua, basi.

Kwanza tuelewane. Tairi hushika ardhi kwa uzito ulio juu yake. Motohomu nyingi zinavutwa na magurudumu ya mbele, lakini kitanda, stoo, baiskeli na mazagazaga yote yako nyuma, tena mkia wenyewe umepita mbali ekseli ya nyuma. Ukielekeza pua kilimani, uzito unazidi kukimbilia nyuma. Gurudumu linalotakiwa kuvuta linabaki jepesi, na kwenye majani mabichi linazunguka patupu.

Hatua ya 1. Jua gari lako linavutwa na magurudumu gani. Kama hujui, kaangalie kwanza, somo litakusubiri.

Hatua ya 2. Kagua kashata za tairi, yale meno ya mpira yanayoshika ardhi. Sheria ya Ulaya inaruhusu hadi milimita 1.6, lakini zikishuka chini ya milimita 3 uwezo wa kutoa maji unapungua vibaya. Halafu soma tarehe. Ubavuni kuna maandishi ya DOT, na tarakimu 4 za mwisho ni wiki na mwaka: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi za motohomu huzeeka kabla ya kuisha. Gari limelala miezi, kashata bado ndefu, mwenyewe anajisifu tairi ni mpya, kumbe mpira umeshakauka. Bonyeza kwa ukucha, ulinganishe na tairi jipya la gari la jirani, utaona.

Hatua ya 3. Upepo ujazwe kulingana na uzito wa kila ekseli. Ile namba ya ubavuni ni ya mwisho kabisa, msiijaze mkidhani mnalitendea gari wema.

Hatua ya 4. Punguza uzito nyuma, sogeza mbele. Ichukulieni kama mizani. Chukua gari lenye mita 4 kati ya ekseli na ekseli, na tangi la maji machafu lenye lita 100 likiwa mita 1.5 nyuma ya ekseli ya nyuma. Kilo 100 × 1.5 ÷ 4 ni kilo 37.5 zinazonyanyuliwa kutoka magurudumu ya mbele. Pikipiki ya kilo 120 kwenye bebeo, mita 2.4 nyuma ya ekseli, inanyanyua kilo 72. Hayo mawili tu ni zaidi ya kilo 100, na hatujafungua stoo.

Basi, kabla ya mwinuko, mwaga maji machafu mahali pake panaporuhusiwa, shusha pikipiki aiendeshe mtu mwingine, na vitu vizito vya stoo uvilaze sakafuni nyuma ya viti vya mbele, vifungwe. Kama tangi la maji safi liko katikati ya ekseli mbili, liache na maji yake, hapo linakusaidia. Na tafadhali, msimwage maji ya sabuni kwenye majani yale yale mnayotaka kuyapanda. Nimeshuhudia.

Hatua ya 5. Tembea njia nzima kwa miguu. Kiatu kikiteleza, jua na tairi litateleza.

Hatua ya 6. Likiwa la kuvuta mbele, panda kinyumenyume. Hapa ndipo watu hucheka, kwa hiyo naweka hesabu. Gari la kilo 3,500, mbele kumelala kilo 1,500, mita 4 kati ya ekseli, kitovu cha uzito kiko mita 1 kutoka chini, mwinuko wa asilimia 15. Ukipanda kwa pua, kama kilo 130 zinahama kutoka mbele kwenda nyuma, unabaki na 1,370. Ukipanda kwa mkia, zile zile 130 zinakuja mbele, unapata 1,630. Gari ni lile lile, tairi zile zile, tofauti ni kilo 260 juu ya magurudumu yanayofanya kazi.

Sasa nilivyoharibu mimi. Mara ya kwanza nilipanda kwa mkia vizuri mpaka katikati, magurudumu yakaanza kuzunguka. Nikasimama, nikavuta hendibreki, nikaweka gia huru, nikashuka kuangalia. Sijafunga hata mlango, gari likaanza kushuka. Halikukimbia, liliserereka polepole, bila mlio, magurudumu ya nyuma yamefunga kabisa na bado yanateleza juu ya majani, yanaacha mistari miwili iliyonyooka. Nikabaki nimeshika kioo cha pembeni, ungedhani naweza kuzuia tani tatu na nusu. Lilikwenda kama mita nne, likasimama kwenye tuta la udongo, bampa likapasuka.

Kosa lilikuwa hili: kwa motohomu nyingi hendibreki hushika magurudumu ya nyuma tu. Ukipanda kwa mkia, hayo ya nyuma ndiyo yaliyo juu kilimani, na ndiyo yaliyopunguziwa uzito. Nilikuwa nimehamishia shiko lote mbele, kisha nikaliegemeza gari nyuma. Kwa hiyo:

– Ukikwama mwinukoni, mguu usitoke kwenye breki. Breki ya mguu inashika magurudumu yote manne.
– Mwenza wako aweke kabari kwenye magurudumu ya upande wa chini, yaani ya mbele, akitokea ubavuni. Asisimame upande wa mteremko wala nyuma ya gari hata sekunde moja.
– Zima injini likiwa kwenye gia. Injini itazuia magurudumu ya mbele, hendibreki ya nyuma. La otomatiki liwe kwenye P.
– Kabari nyepesi za plastiki huteleza kwenye majani pamoja na gari. Zigongwe zikae.
– Mkia mrefu hukwangua chini pale mwinuko unapoanza. Ingia taratibu, kwa pembe ndogo ikibidi.
– Rivasi ndefu inaunguza klachi. Ukisikia harufu, simama, ipoe.

Hatua ya 7. Kanyaga mafuta kidogo, mwendo mmoja. Ukipanda kwa pua anza na gia ya pili. Tairi likianza kuzunguka, achia mara moja. Kupiga resi kunajaza matope kwenye kashata na kuchimba shimo, kisha shimo linajaa maji.

Hatua ya 8. Mikeka ya kukwamulia, ile migumu yenye meno ya kuwekwa chini ya gurudumu. Isukume chini ya gurudumu linalovuta, upande unaoelekea, mpaka igusane na mpira. Funga kamba kwenye kila mkeka. Gurudumu likizunguka huurusha mkeka upande wa pili kwa nguvu, kwa hiyo watu wakae kando. Ukishashika, usisimame kuokota mikeka. Nenda mpaka ardhi ngumu, urudi kwa miguu. Na kama mawingu yapo, egesha juu ya mikeka tangu jioni, pua ikitazama mteremko. Usingizi unakuwa mzuri zaidi.

Maswali karibuni. Someni kwanza.

---

Dereva wa Jumapili: Somo zuri mkuu. Ila kwa kifupi, ninunue tairi gani?

Mwandishi: Hatua ya 4.

Dereva wa Jumapili: Aah mkuu, si ungesema tu jina.

Mwandishi: Nikitaja jina utanunua, utapakia pikipiki nyuma, utakwama, utarudi kunilaumu. Ukitaka alama za kutafuta, tafuta ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Hiyo ina jaribio nyuma yake. Herufi M+S (matope na theluji) peke yake ni tamko la mtengenezaji. Na lebo ya Ulaya ina daraja la kushika kwenye maji, A hadi E, lakini hupimwa kwa kufunga breki juu ya lami iliyolowa. Haikuambii lolote kuhusu majani.

Mama Kambi: Kaka, langu linasukuma nyuma, na nyuma kuna tairi mbilimbili kila upande. Nami nipande kwa mkia?

Mwandishi: Hapana dada, wewe panda kwa pua. Mwinuko unakuongezea uzito pale pale unapouhitaji. Hata tangi lililo nyuma linakusaidia, mradi ekseli isizidi uzito wake. Shida yako ni nyingine: uzito wa ekseli umegawanywa kwenye tairi nne, kila moja inakandamiza kidogo, kwa hiyo kwenye majani zinaelea badala ya kuzama na kuuma. Nafasi iliyo katikati ya zile mbili nayo hujaa matope. Yakwangue kabla ya kujaribu tena, na ukirudi barabarani angalia kama kuna jiwe limebanwa humo; jiwe hilo hutoboa mbavu za tairi zote mbili.

Mama Kambi: Ahsante sana. Jiwe nililitoa mwezi uliopita kwa bisibisi, sikujua lina madhara hivyo.

Gia Moja: Nipe namba tu, nishushe upepo hadi ngapi?

Mwandishi: Sitoi.

Gia Moja: Kwa nini? Wenzako wanatoa.

Mwandishi: Kwa sababu sijui ekseli yako ina kilo ngapi, wala tairi lako ni la aina gani. Ukishusha upepo tairi linalala zaidi, linagusa majani mengi, ni kweli linasaidia. Lakini zile tairi za kambi zenye herufi CP zina mbavu ngumu na zimetengenezwa kwa upepo mwingi. Ukishusha halafu ukaingia barabara kuu linachemka na kupasuka. Huna pampu ndani ya gari? Usiguse vali. Na kwenye saruji au lami iliyolowa hakuna faida ya kukufanya uhangaike.

Mzee wa Kilima: Kijana, nimeendesha malori miaka mingi. Kupanda kwa mkia ni ushamba. Dereva anapanda kwa pua.

Mwandishi: Shikamoo mzee. Lori linasukumwa na magurudumu ya nyuma, na mzigo uko juu ya hayo hayo. Ningekuwa na lori ningepanda kwa pua kama wewe. Hesabu ya hatua ya 6 iko wazi, nionyeshe ilipokosea nitaifuta.

Mzee wa Kilima: Marahaba. Nimeipitia. Haya, lakini bampa ulipasua.

Mwandishi: Nilipasua.

Mpenda Spana: Mkuu, kuna mbinu ya kuvuta hendibreki kidogo wakati gurudumu moja linazunguka patupu. Inafanyaje kazi?

Mwandishi: Swali zuri. Difu ya kawaida inagawa nguvu sawa kushoto na kulia. Gurudumu moja likikosa shiko, la pili nalo linapata kile kidogo tu. Ukilizuia lile linalozunguka, difu inalazimika kupeleka nguvu upande wa pili. Ila hendibreki iko nyuma, kwa hiyo mbinu hiyo ni ya magari ya kusukuma nyuma. Kwa la kuvuta mbele unajiongezea mzigo wa kuburuta. Baadhi ya magari ya kuvuta mbele yana mfumo unaofanya hivyo wenyewe, unabana breki ya gurudumu linalozunguka kwenye mwendo mdogo. Angalia kama una kitufe chake.

Mpenda Spana: Kitufe ninacho! Nilikuwa nakizima kila nikikwama, nikidhani ndicho kinachokata nguvu.

Mwandishi: Ni viwili tofauti, soma kitabu cha gari lako. Mfumo wa kawaida wa kuzuia magurudumu yasizunguke patupu unapunguza nguvu ya injini, na kwenye matope wakati mwingine unakuacha umesimama kabisa. Huo unaweza kuuzima kwa muda. Kwenye lami iliyolowa uache uwake.

Dereva Mpya: Samahani sijasoma yote, nina haraka, gari limekwama sasa hivi. Nifanyeje?

Mwandishi: Acha kupiga resi. Mguu kwenye breki. Soma hatua ya 6, ile mistari yenye vistari, kisha hatua ya 8.

Mpenda Spana: Mtu akikosa mikeka, mchanga wa choo cha paka unafaa? Nimeona watu wakiusifu.

Mwandishi: Ule unaoganda ukilowa ni udongo unaovimba, ukipata maji unakuwa uji wa kuteleza. Mchanga wa kawaida, ule wa chenga, ndio mzuri. Na kwa saruji yenye ukungu wa kijani, ufagio mgumu unatosha: sugua mistari miwili ya upana wa tairi. Dakika kumi tu.

Mama Kambi: Mimi kamba za mikeka nimefunga za rangi ya chungwa. Ikizama kwenye matope naiona.

Mwandishi: Hiyo nimeichukua. Yangu moja bado imezikwa mahali.

Mpenda Spana: Nimepiga hesabu yangu, nisahihishe. Mita 3.8 kati ya ekseli. Baiskeli mbili na bebeo lake kilo 50, ziko mita 1.9 nyuma ya ekseli. Kilo 25 zinatoka mbele?

Mwandishi: Sawasawa. Na ekseli ya nyuma inabeba 75, siyo 50. Wengi husahau hiyo, wanakuja kushtukia mizanini.

Dereva Mpya: Nimetoka. Mikeka miwili, mke wangu alikaa ubavuni kama ulivyosema. Mkeka mmoja uliruka ukavuka barabara.