Kuzunguka kisiwa kidogo cha hifadhi kwa miguu na kwa kayaki

Anza na jedwali la maji, linaloonyesha nyakati za kupwa na kujaa. Sehemu nyingi, kati ya kupwa na kujaa hupita takriban saa 6, lakini maji hayaendi kwa mwendo mmoja: saa ya tatu na ya nne kati ya hizo sita hubeba karibu nusu ya badiliko lote. Hapo mkondo kwenye mlango wa mwamba (pengo ambamo maji hupita) huwa mkali, usivuke. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, ni mbaya zaidi.

Uliza kuhusu kibali na maeneo yaliyofungwa, hasa majira ya ndege kutaga.

Kwa miguu, fuata ufuko maji yakipwa, na geuka kabla hayajaanza kujaa. Vaa viatu vya soli ngumu, kanyaga mchanga, kamwe si matumbawe. Kuna samaki mwenye miiba ya sumu anayefanana kabisa na jiwe. Akikuchoma, tumbukiza mguu katika maji ya moto unayoyavumilia, yasiyozidi nyuzi 45, kwa dakika 30 hadi 90, kisha nenda hospitali. Ndege wakiruka na kupiga kelele, rudi nyuma: mayai yasiyofunikwa huharibiwa na jua upesi.

Kwa kayaki, piga kasia dhidi ya upepo kwanza, ungali na nguvu. Wengi hufanya kinyume, wakakwama wakirudi. Beba boya la kuvaa (livae, usilikalie!), filimbi na maji lita 3. Kayaki ya kukalia juu ikipinduka, igeuze, jivute kifudifudi huku ukipiga mateke, kisha geuka ukae. Usiiache uogelee.